Mtu wa Tatu ni Jirani Yangu

Hati ya bima, faini ya barabarani na wajibu wa Mkristo

Mada iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia



Ndugu wajumbe, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu ili kufika hapa: nimeombwa nizungumze nanyi juu ya haki barabarani. Nilipoipokea mada hii nilitambua mara moja kwamba singeweza kuizungumza kwa uaminifu bila kuanza na kosa langu mwenyewe. Hivyo nawaomba mnivumilie. Kwanza nitakiri, kisha tutatafakari pamoja.

1. Yaliyonipata

Mwaka 2017, siku ya Jumamosi alasiri, nilikuwa nikiwapeleka wanakwaya wanne katika kigango cha jirani kwa gari langu dogo. Wiki chache kabla ya hapo jiwe lilikuwa limekipasua kioo cha mbele, na fundi akanitilia kioo kipya. Stika ya bima, ambayo wakati ule ilibandikwa kiooni, ilitupwa pamoja na kioo cha zamani. Nilijiambia kwamba nitalishughulikia jambo hilo. Sikulishughulikia.

Njiani askari wa usalama barabarani, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alitusimamisha. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikaitika. Akaomba leseni, kisha akauliza, "Stika ya bima iko wapi?" Nikamweleza habari ya kioo. Akauliza, "Na hati yenyewe?" Nikamjibu kwamba iko nyumbani, katika mtoto wa meza. Akasema kwa upole, "Mzee wangu, mimi sina njia ya kuona ndani ya mtoto wa meza yako. Mwenye bima na asiye nayo, wote wananiambia hivyo hivyo."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linaniinamisha kichwa. Nilirudi garini kama mtu anayetafuta kitu, nikaikunja noti ya shilingi 10,000, nikaiweka ndani ya leseni, nikamrudishia leseni ile. Akaifungua. Akaitoa noti, akanikabidhi mbele ya wanakwaya wote wanne, akasema, "Mzee, fedha yako imeingia humu kwa bahati mbaya." Kisha akaandika notisi ya kosa. Faini ilikuwa shilingi 30,000.

Safari iliyobaki hakuna aliyeimba.

Nami, badala ya kuona aibu, niliona hasira. Nilijiuliza: mtu aliyelipa bima yake kwa haki aadhibiwe kwa sababu ya kipande cha karatasi? Usiku ule nilifungua mtoto wa meza ili niitoe hati ile, niende nayo kituoni siku ya Jumatatu kudai haki yangu. Hati ilikuwepo. Nikaisoma tarehe ya mwisho. Bima yangu ilikuwa imekwisha siku 11 kabla ya siku ile niliyosimamishwa.

Nililipa faini, nikalipa na bima mpya, shilingi 118,000. Lakini kwa usiku kadhaa nilizihesabu zile siku 11. Nilikuwa nimepita sokoni. Nilikuwa nimepita mbele ya shule ya msingi saa ya watoto kutoka. Nilikuwa nimempeleka mama mjamzito hospitalini usiku, kwa mwendo wa kasi. Faini niliyolipa ilikuwa ya kutokuwa na karatasi. Kosa lililokuwa kubwa zaidi hakuna mwanadamu aliyenishtaki kwalo.

2. Karatasi hii ni nini?

Wengi wetu tunaitazama bima ya gari kama kodi nyingine, au kama hirizi ya kumkingia dereva usumbufu wa trafiki. Watu husema, "Nakata bima ya trafiki." Usemi huo waonyesha kwamba hatujaielewa.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, ambayo ni Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, yakataza mtu yeyote kutumia gari barabarani bila bima ya kufidia kifo au majeraha ya watu wengine. Wazo hili si la kwetu peke yetu. Uingereza iliweka sharti kama hilo mwaka 1930, wakati magari yalipoanza kuwa mengi na watu waendao kwa miguu kuuawa bila familia zao kupata chochote, na kutoka huko sharti hilo lilienea katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza.

Bima hiyo huitwa bima ya mtu wa tatu, au kama tusemavyo mitaani, bima ndogo. Tuulizane: huyu mtu wa tatu ni nani? Mtu wa kwanza ni mwenye gari aliyelipa. Mtu wa pili ni kampuni ya bima iliyopokea malipo. Mtu wa tatu ni yule ambaye hakutia sahihi mahali popote, wala hajui kwamba mkataba huo upo: mama auzaye vitumbua kando ya njia, mtoto avukaye akitoka shule, mzee asukumaye baiskeli yenye gunia la mkaa. Mkataba huu ni wa ajabu kidogo. Wawili wanapatana, lakini anayelindwa ni wa tatu.

Anayetaka kulilinda gari lake mwenyewe hukata bima kubwa, na hilo ni hiari yake. Lakini bima ndogo haikuachwa kuwa hiari, kwa sababu uhai wa jirani si mali ya dereva hata aamue kuulinda au kutoulinda.

Basi, askari anapoomba uthibitisho wa bima, anauliza swali kwa niaba ya mtu ambaye hayupo pale: "Ukimgonga, je, una ahadi yoyote kwa ajili yake?" Karatasi ile ndiyo jibu. Siku hizi kumbukumbu za bima zimo katika mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na stika huweza kuhakikiwa kwa simu. Hilo ni jema, maana limewapunguzia kazi mawakala wa uongo waliokuwa wakiuza stika za bandia. Lakini swali halikubadilika. Kilichobadilika ni njia ya kulijibu.

3. Mahali ambapo ahadi haikuwepo

Katika jumuiya mojawapo ninayoifahamu, baba mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli aligongwa alfajiri na gari la mizigo. Alifariki siku ya tatu. Dereva hakukimbia, wala hakuwa mlevi. Alikamatwa, akashtakiwa, akaadhibiwa. Watu wakasema haki imetendeka.

Lakini gari lile halikuwa na bima. Dereva alikuwa kibarua, hana kitu. Mwenye gari alikuwa na gari lile lile tu, nalo lilikuwa limeharibika. Mjane aliachiwa watoto watatu. Yule mkubwa alikuwa kidato cha pili, naye aliacha shule akaanza kuuza maji ya chupa stendi. Jumuiya ilichanga. Michango ilitosha jeneza, chakula cha msiba na unga wa mwezi mmoja au miwili. Baada ya hapo kila mmoja alirudi katika shida zake.

Nawaambieni, kumfunga dereva hakukumlipia mtoto yule ada ya shule. Haki ya jinai na haki ya fidia ni mambo mawili. Ya kwanza humwadhibu aliyekosa. Ya pili humwinua aliyeangushwa. Taifa lenye ile ya kwanza pekee linamwacha mjane amelala chini, huku likijisifu kwamba jela zimejaa.

Nilipoikumbuka familia ile, hesabu yangu ilikuwa nyepesi na ya kutisha. Shilingi 118,000 kwa mwaka ni pungufu ya shilingi 330 kwa siku. Kwa siku 11 nilikuwa nimewaweka watoto wa watu wengine katika hatari ya kuwa kama watoto wale, kwa sababu tu ya uzembe wa kutosoma tarehe.

4. Mwanga wa Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Labda wako wanaofikiri kwamba mambo ya stika na faini ni ya serikali, hayastahili kuzungumzwa kanisani. Tuyafungue Maandiko Matakatifu.

Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yumo mtu anayejenga nyumba mpya. Wakati ule watu walitumia paa bapa kama baraza. Mungu anamwagiza ajenge ukingo kuzunguka paa lake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni: hakuna aliyeanguka bado. Hakuna aliyelalamika. Pengine hakuna atakayeanguka kamwe. Hata hivyo, ukingo ni wajibu, nao unajengwa kwa gharama ya mwenye nyumba, kwa ajili ya mgeni asiyejulikana.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yumo mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe wa jirani akatumbukia. Mchimbaji hawezi kujitetea akisema, "Sikukusudia." Atalipa. Yumo pia mwenye fahali mkali aliyekwisha kuonywa, asimfunge. Sheria ya Agano la Kale ilijua kwamba mtu mwenye kitu chenye nguvu ya kuumiza ana deni kwa jirani hata kabla ya ajali.

Na Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa kisa cha barabarani. Tumezoea kumsifu Msamaria kwa sababu alifunga majeraha. Lakini tusisahau mwisho wa kisa: alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataifidia arudipo. Huruma yake haikuishia machoni. Ilifika mfukoni, na ilifika katika siku za mbele ambazo yeye mwenyewe hangekuwepo. Hiyo ndiyo roho ya fidia.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, Gaudium et Spes, ya mwaka 1965, kifungu cha 30, uliwakemea watu wanaotosheka na maadili ya ubinafsi. Mtaguso ulitaja kwa wazi wanaokwepa kodi za haki, na wanaodharau kanuni za maisha ya jamii, hata zile za uendeshaji wa magari, bila kufikiri kwamba kwa uzembe huo wanahatarisha maisha yao na ya wenzao. Mababa wa Mtaguso hawakuona haya kuitaja barabara. Nasi tusione haya.

5. Dereva, mwenye chombo na askari

Sasa tuzitazame nafasi tatu ambazo wengi wetu tumo.

Kwanza, dereva. Ni kweli kwamba wako askari wanaoitumia karatasi iliyosahauliwa kama nyavu ya kuvulia. Nimewahi kukutana nao pia. Wanakutajia faini, kisha wananyamaza kidogo, nawe unajua ukimya ule unamaanisha nini. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari wa zama zake wafanye nini, aliwaagiza wasimnyang'anye mtu kitu kwa nguvu wala kwa hila, tena waridhike na mishahara yao. Agizo hilo halijafutwa. Lakini mimi siku ile sikulazimishwa na mtu. Noti niliikunja mwenyewe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yamhesabu mtoaji kuwa na hatia sawa na mpokeaji, na dhamiri ilikuwa ikisema hivyo kabla ya sheria hiyo kutungwa. Tena rushwa ya aina hii ina mwathirika wa pekee. Anayeibiwa ni mtu wa tatu. Noti ile kama ingepokelewa, ningeondoka pale nikiamini kwamba mambo yamekwisha, na nisingeifungua ile hati usiku ule. Ningeendelea kupita mbele ya shule bila bima, pengine kwa miezi. Kijana yule kwa kuikataa shilingi 10,000 aliwalinda watu ambao hatawaona kamwe.

Pili, mwenye chombo. Neno hili ni gumu, maana baadhi ya wenye daladala, malori na bodaboda tunaketi nao benchi moja kila Dominika. Kijana wa bodaboda anaendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku. Bima inapokwisha, mwenye pikipiki husema, "Ukikamatwa, jua mwenyewe." Kijana anakamatwa, faini inatoka katika chakula cha watoto wake. Ndugu zangu, sheria haimtaji mwendeshaji peke yake. Inamtaja pia anayemruhusu au anayesababisha mtu mwingine kutumia chombo kisicho na bima. Kupokea hesabu jioni na kumwachia kijana mzigo wa kosa ni dhuluma, hata kama mwenye chombo ni mfadhili mkubwa wa ujenzi wa kanisa.

Tatu, askari. Tunao katika jumuiya zetu, nao ni waamini wenzetu. Tusiwasalimu kwa mzaha wa rushwa kila wanapoingia, kana kwamba wote ni wamoja. Anayekataa noti mbele ya foleni ya magari, peke yake, juani, anahitaji kujua kwamba Kanisa linamwona. Na anayepokea anahitaji kuambiwa ukweli na ndugu zake, kwa upendo, kabla hajaambiwa na mahakama.

6. Tutende

Maneno bila matendo hayajengi. Napendekeza mambo yafuatayo.

Kila mwenye chombo cha moto, leo hii akirudi nyumbani, asome tarehe ya mwisho ya bima yake kwa macho yake mwenyewe, na aihakiki namba ya stika katika mfumo wa Mamlaka. Asimtegemee wakala, wala kumbukumbu ya kichwa. Nakala ya hati ikae garini.

Anayesimamishwa na kuambiwa kosa, aulize kwa heshima ni kosa gani. Akilikubali, aandikiwe notisi na alipe kwa njia rasmi inayotoa risiti. Asipolikubali, anayo haki ya kukataa na kujieleza mahakamani. Haki hiyo si ukaidi. Fedha isiyo na risiti ni ukaidi mkubwa zaidi.

Ajali inapotokea, kamati ya Haki na Amani iifikie familia mapema, si kwa rambirambi tu. Iwasaidie kuandika namba ya gari, kutoa taarifa polisi, kupata fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na kutunza kila risiti ya hospitali. Iwasaidie kujua jina la kampuni iliyolikatia gari lile bima. Familia nyingi za kimaskini hazijui kabisa kwamba zina madai dhidi ya kampuni. Mahakama ikimhukumu mwenye gari alipe, na kampuni ikiwa imearifiwa ipasavyo juu ya shauri lile, kampuni hiyo yawajibika kulipa. Familia isikawie, kwa maana sheria imeweka ukomo wa muda wa kudai. Na isikubali kutia sahihi au dole gumba katika karatasi ya "kusameheana" inayoletwa msibani pamoja na gunia la mchele. Kusamehe ni fadhila ya Kikristo. Kuwapokonya yatima haki yao kwa jina la msamaha si fadhila.

Hatimaye, parokia yenyewe ijichunguze. Gari la parokia lina bima? Basi la kukodi linalowapeleka mahujaji, je, tuliuliza kabla ya kupanda? Hatuwezi kuhubiri barabarani huku tukisafiri bila ukingo juu ya paa letu.

Hitimisho

Ile notisi ya shilingi 30,000 niliihifadhi. Imo katika mtoto wa meza ule ule, juu ya hati ya bima, ili kila niifuatapo hati nikutane nayo kwanza. Siku ile niliamini kwamba askari ameniadhibu kwa kipande cha karatasi. Leo najua kwamba alinirudisha kwa jirani ambaye nilikuwa nimemsahau, na ambaye, kwa neema ya Mungu, sikumgonga.

Mungu awape pumziko wote waliopoteza maisha barabarani, awafariji wajane na yatima wao, na atujalie sisi tulioshika usukani moyo wa kukumbuka.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, je, iko familia iliyopatwa na ajali na isipate fidia? Tulifanya nini, na tungeweza kufanya nini zaidi?

2. Ni mara ngapi tumetoa "kitu kidogo" barabarani, na ni nani hasa aliyelipa gharama yake?

3. Wenye vyombo vya moto miongoni mwetu wana wajibu gani kwa vijana wanaowaendeshea?

4. Someni tena Luka 10:25-37. Katika barabara inayopita mbele ya nyumba zetu, mtu wa tatu ni nani?